Macho ya Watoto na Karamu ya Krismasi

Krismasi ya mwaka juzi nilipewa likizo ya siku kumi, nikaenda kwetu Makueni. Nilichukua mzigo ambao kila karani anayerudi nyumbani kwa sikukuu anaujua: unga wa ngano wa chapati, mchele, sukari, mikate, mafuta ya kupikia, na kreti moja ya soda juu ya paa la basi. Nilipoteremka kituoni nilijiona mtu aliyetimiza wajibu wake. Sikujua ya kuwa katika mzigo wote ule kitu kimoja kilikuwa na faida kuliko vingine kwa macho ya mtoto, nacho ni kile nilichokinunua bila kufikiri, yaani mafuta.

Jioni ile tulikaa uani, mimi na mama na kaka yangu mkubwa. Jua lilikuwa limekwisha kutua nyuma ya vilima, lakini mwanga ulikuwapo bado. Mtu aliweza kuwahesabu mbuzi zizini bila taabu. Mtoto wa kaka yangu, wa miaka sita, alitoka jikoni akiniletea chai. Alikuja akiburuza miguu kama mzee, akakigonga kigoda kilichokuwa mbele yake wazi, na chai ikamwagika. Bibi yake akamkemea. Mtoto akasimama palepale, akageuza uso huku na huku, akauliza, "Baba mdogo, mbona mmezima taa?"

Hapakuwa na taa iliyozimwa, kwani hapakuwa na taa iliyowashwa.

Watu walicheka, na mimi nilicheka pamoja nao. Kisha shemeji yangu akasema, kwa sauti ya mtu ambaye jambo limemsumbua siku nyingi, ya kuwa yapata majuma matatu sasa mtoto hataki kutoka nje jua likitua. Akitumwa kuwarudisha mbuzi hulia. Baba yake aliona ni uvivu, akamchapa mara mbili. Jirani mmoja aliyekuwa amekuja kunisalimu akasema mtoto ana macho ya kuku, kwa sababu kuku naye giza likianza kuingia haoni kitu. Neno la jirani lilikuwa karibu na ukweli kuliko fimbo ya kaka yangu. Nikauliza kama mtoto aliugua karibuni. Shemeji akajibu, "Aliugua surua mwezi wa kumi, lakini alipona."

Asubuhi yake tulimpeleka zahanati. Tabibu alimulika jicho kwa tochi, akatuonyesha katika weupe wa jicho, upande wa nje, kidoa kidogo kama povu la sabuni lililokauka. Kidoa hicho kinajulikana na waganga tangu mwaka 1863, kilipoandikwa habari zake na daktari Mfaransa aitwaye Pierre Bitot. Kisha akachukua kidonge chekundu cha mafuta, akakikata ncha, akamkamulia mtoto mdomoni. Akatupa kingine cha kumpa siku ya pili, akatuagiza turudi baada ya majuma mawili kwa cha tatu. Akasema ya kuwa ugonjwa huu waitwa kutoona gizani, na ya kuwa asili yake ni upungufu wa vitamini A.

Yafaa nieleze kidogo jinsi jambo hili lilivyo, kwani mtu akijua sababu hataona ajabu dawa ikiota nyuma ya nyumba yake. Nyuma ya jicho mna utando mwembamba upokeao mwanga, uitwao retina. Katika utando huo mna chembe ambazo kazi yake ni kuona katika mwanga hafifu, nazo zina rangi ya zambarau. Mwanga ukiigusa rangi hiyo huvunjika, kisha mwili huitengeneza upya. Wewe mwenyewe umeona kazi hiyo: ukitoka juani ukaingia katika nyumba yenye giza, kwanza huoni kitu, halafu polepole meza na viti vyaanza kuonekana. Hapana budi vitamini A iwepo ili rangi hiyo itengenezwe. Ikikosekana, mtu hubaki katika lile giza la mlangoni. Mtaalamu George Wald aliikuta vitamini hiyo ndani ya retina mwaka 1933, na mwaka 1967 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel kwa kazi zao juu ya kuona.

Kama upungufu ungekoma hapo, ungekuwa taabu ya jioni tu. Haukomi. Baada ya kutoona gizani jicho hukauka, machozi hayalilainishi tena. Mwishowe kile kioo cha mbele huwa laini, hupata kidonda, huweza hata kupasuka, na jicho lililofika hapo halirudi. Tena jicho ni mjumbe tu wa mwili. Daktari Mmarekani Alfred Sommer, aliyefanya kazi Indonesia, aliona ya kuwa watoto wenye dalili ndogo za macho makavu walikuwa wakifa kuliko wenzao, kwa kuhara na maradhi ya kifua. Mwaka 1986 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya kazi yao katika jimbo la Aceh: vijiji ambako watoto walipewa vitamini A mara mbili kwa mwaka vilikuwa na vifo vichache kuliko vingine kwa karibu theluthi moja. Basi mtoto anayejikwaa kwenye kigoda magharibi huenda anatuambia habari kubwa kuliko ya kigoda.

Sasa nije kwenye karamu.

Siku ile ya tarehe 24, tuliporudi, shemeji alinitajia chakula alichokusudia kuwapikia wageni kesho yake. Chapati, wali, viazi vyeupe pamoja na nyama ya mbuzi, kabichi kidogo, mkate na chai, na soda zangu. Chakula chenye heshima, wala sikukidharau. Lakini nilipokitazama kwa macho ya yule tabibu, kilikuwa cheupe tangu mwanzo hadi mwisho. Mahindi meupe, ngano nyeupe, mchele mweupe, viazi vyeupe. Vyatia nguvu, lakini vitamini A havina ya kuhesabika. Na chakula chetu cha kila siku, muthokoi na ugali, ni cheupe vilevile. Wazee wetu wakumbuka mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo katika ukame wa mwaka 1984, na jinsi walivyoyachukia. Ladha yake siwezi kuisifu, lakini ule unjano walioucheka una chembe ya kitu ambacho mahindi yetu hayana.

Nikasema, "Shemeji, na zile kunde?"

Majira ya Desemba, mvua za vuli zikiwa zimenyesha vizuri, hapana shamba la Ukambani lisilo na majani mabichi. Kunde zilikuwa zimefunika ardhi kati ya mahindi, majani ya maboga yametambaa hadi choo, na mchicha umejiotea wenyewe penye samadi bila kuombwa. Shemeji alinitazama kama mtu aliyesikia tusi. "Nitawapaje wageni majani siku ya Krismasi? Watasema karani amekuja na mifuko mitupu."

Neno hili ndilo lililonifanya niandike makala hii. Majani ya kunde huliwa Jumanne wakati hakuna kitu kingine, mgeni hapewi. Mtoto hukua akijua ya kuwa mboga za majani ni adhabu ya umaskini na kwamba nyama na chapati ndizo furaha. Ajabu yake ni kwamba siku ya karamu ndiyo siku ambayo majani yale yangemfaa zaidi, kwa sababu ya mafuta. Kitu kilicho ndani ya majani ya kijani kibichi, na ndani ya boga na kiazi cha rangi ya chungwa, si vitamini A yenyewe. Chaitwa karotini, nao mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kunde zilizochemshwa kwa maji na chumvi peke yake, kama tulivyozoea siku za kawaida, humpa mtoto sehemu ndogo tu ya utajiri wake. Zikikatwa ndogo, zikapikwa hadi zilainike, pamoja na mafuta kiasi cha kijiko kidogo kwa kila mlaji, habari ni nyingine. Siku za kawaida nyumba nyingi hazina mafuta ya kutosha. Siku ya Krismasi yapo, na yote humiminwa katika chapati!

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yawataka wenye viwanda watie vitamini A katika mafuta ya kupikia, na katika unga wa mahindi na wa ngano uliofungwa pakitini. Hilo ni jambo jema kwa sisi tukaao mjini na kununua dukani. Lakini mkulima asagaye mahindi yake mwenyewe kwenye kinu cha kijijini hapati unga huo, na mafuta yapimwayo kwa kikombe kutoka mtungi uliokaa wazi juani si sawa na yale yaliyofungwa, kwa maana jua na hewa huiharibu vitamini. Kwa sababu iyo hiyo wanaokausha majani ya kunde kwa ajili ya kiangazi wayakaushe kivulini. Majani yaliyoanikwa juu ya mwamba kwenye jua kali hupoteza karotini yake nyingi.

Kisha kuna maini, nami hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wazee wenzangu hawatalipenda. Mbuzi achinjwapo kwetu, ini huwekwa juu ya makaa kabla hata ngozi haijatundikwa, na huliwa na wanaume waliosimama karibu na moto. Hufika jikoni kwa akina mama na watoto nyama nyingine zote, isipokuwa hilo. Nami nimelila mara nyingi bila kuuliza. Lakini ini ndiyo ghala ya vitamini A, kwa mbuzi na kwa ng'ombe na kwa mwanadamu. Wamisri wa kale, yapata miaka 1,500 kabla ya Kristo, waliandika katika vitabu vyao vya mafunjo ya kuwa ini litumiwe kuwa dawa ya macho, na hawakujua vitamini ni nini. Gramu 10 za ini la ng'ombe, kipande kisichozidi ncha ya kidole gumba, zatosha haja ya siku nzima ya mtoto wa miaka mitano. Ini moja la mbuzi laweza kugawanywa kwa watoto wote wa boma, na wazee wakabaki na mbavu, wala hakuna desturi iliyovunjika.

Mtu aweza kuuliza: chakula cha siku mbili tatu chafaa nini, ikiwa Januari twarudia ugali mtupu? Swali hili lingekuwa na nguvu kwa vitamini nyingine, kama ile ya machungwa, ambayo mwili hauiweki akiba ya siku nyingi. Vitamini A huwekwa. Mtoto alaye vizuri kwa siku kumi za likizo hujaza ghala yake ndogo, naye huitumia kidogo kidogo kwa majuma mengi. Surua ikija, au kuhara, ndipo akiba hiyo huliwa kwa haraka. Na ndivyo ilivyompata mtoto wetu, ambaye ghala yake haikuwa na kitu tangu mwanzo. Basi, kati ya siku zote za mwaka, siku za mapumziko, nyumba ikiwa na mafuta na mbuzi na shamba likiwa na majani, ndizo siku za kuijaza. Waislamu nao wafikiri hivyo hivyo juu ya Idi.

Neno la tahadhari kwa mama mwenye mimba: asile maini mara nyingi, wala asimeze vidonge vyekundu vya watoto, kwani vitamini A ya namna hiyo ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Majani, maboga na viazi ale kadiri apendavyo. Mwili huchukua katika karotini kiasi uhitajicho tu.

Bwana mmoja ofisini kwetu, aliposikia habari hizi, alianza kula karoti asubuhi na jioni akitumaini kuiacha miwani yake. Alikuwa amesikia habari ya marubani wa Uingereza katika vita kuu ya pili, ambao ilisemwa ya kuwa waliziangusha ndege za Wajerumani usiku kwa sababu ya kula karoti. Kweli ni kwamba marubani wale walikuwa na chombo kipya cha rada ndani ya ndege zao, na serikali yao haikupenda kitajwe. Karoti ni chakula kizuri, lakini chakula humrudishia mtu kile alichopungukiwa. Hakimpi macho ya paka. Mtu apitaye miaka arobaini akaanza kuusogeza mbali ukurasa wa gazeti ahitaji miwani, na mwenye mtoto wa jicho ahitaji kupasuliwa. Tumwachie karoti zake.

Sisi watu wazima hatari yetu katika sikukuu iko kwenye chupa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari kiasi cha vijiko vinane vya chai. Mzee akinywa tatu kwa heshima ya wageni, pamoja na chai tamu na mkate, na huku ana ugonjwa wa kisukari, aumiza mishipa midogo ya damu iliyo katika ile retina niliyoitaja. Haumwi, haoni dalili, hata siku macho yanapoanza kuona ukungu. Mwenye kisukari yampasa apimwe macho kila mwaka, hata akiwa aona vizuri. Na juu ya pombe zinazouzwa vichochoroni kwa bei ya chini, nakumbusha tu yaliyotokea Nairobi mwaka 2000, na tena katika kaunti mbalimbali Mei 2014: watu walikunywa kinywaji kilichotiwa methanoli, wengi wakafa, na baadhi ya waliobaki wakaamka vipofu. Methanoli huuharibu mshipa uchukuao habari za jicho hadi kwenye ubongo. Hakuna boga wala ini litakaloufufua.

Nirudi nyumbani. Shemeji alikubali kupika kunde, kwa sharti kwamba mimi ndimi nitakayewaeleza wageni. Alizikaanga kwa mafuta na vitunguu na nyanya, akatia boga lililoiva lililokatwa vipande, akaziweka katika bakuli kubwa jeupe lile la wageni. Nilikuwa nimejiandaa kutoa hotuba. Haikuhitajika, kwa kuwa bakuli lilikwisha kabla ya wali, na mzee mmoja wa kanisa akauliza kama jikoni zimebaki. Ini aligawa kaka yangu mwenyewe. Alikata vipande vidogo juu ya jani la mgomba, akawaita watoto wote wakapanga mstari, na wa kwanza akawa yule wa miaka sita. Hakusema neno, wala mimi sikumtajia ile fimbo.

Jioni hiyo ya Krismasi, jua likiwa limetua, tulimwona mtoto akitoka uani mbio kuwafuata mbuzi. Hakutumwa. Tabibu alikuwa ametuambia ya kuwa dawa hiyo ikifika mapema huweza kuondoa giza kwa siku moja au mbili, nasi hatukumwamini.

Wazazi wenye watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 wakumbuke ya kuwa vidonge hivi hutolewa katika zahanati za serikali kila baada ya miezi sita. Cha buluu ni cha watoto walio chini ya mwaka mmoja, na chekundu ni cha waliopita mwaka. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amepita umri huo, na kwa ajili hiyo hakuna aliyemwuliza habari zake. Mtoto wa umri wowote aliyeugua surua apelekwe akapewe, bila kungoja jicho liseme.

Niliporudi kazini niliwapelekea mbegu za viazi vitamu vya rangi ya chungwa, yaani matawi ya kupanda, ambavyo kimoja cha wastani chatosha haja ya mtoto kwa siku. Wataalamu watatu waliovieneza katika Afrika, mmoja wao Robert Mwanga wa Uganda, walipewa pamoja na mwenzao wa nne Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Vimeota vizuri kando ya maji ya kuogea. Na maembe, ambayo kila mwaka kaka yangu humwuzia dalali yote yakiwa bado mabichi juu ya miti, mwaka huu aliuza isipokuwa mti mmoja, ule wa ngowe ulio karibu na zizi. Dalali alimwongezea bei mara mbili. Alikataa, akamwambia mti huo una wenyewe.